Ampli ikipiga «pa!» wakati wa kuiwasha, musikimbilie kubadilisha bafle

Kama muko na ampli ya siku hizi, ile ya bluetooth na clé USB, mumeshaisikia: unabonyeza kifungo, na mbele sauti ya mutu ama muziki itoke, bafle inapiga «pa!» moja, kavu, ya nguvu. Mu nyumba ya bière watu wanacheka tu. Mu kanisa wanashtuka kidogo, pasta anaendelea. Lakini ku machimbo «pa!» ile si kitu cha kuchekea, na njo maana sisi watu wa sendika tunaandika juu yake leo, hata kama si kazi yetu ya kila siku.

Huku kwetu Malemba-Nkulu wengi wanachimba kasiterite na koltani kwa mikono. Shimo linashuka, njia za pembeni zinaingia chini ya udongo, na miti njo inashikilia yote. Muchimbaji mwenye kuwa chini anajua sauti mbili za kuogopa: muti wenye kuvunjika na udongo wenye kuanguka. Zote mbili zinaanza kwa «pa». Na huku juu, watu wenye umri wanajua ya tatu. Wale walioishi wakati wa vita ya Mai-Mai, mbele Gédéon Kyungu ajitoe ku Mitwaba mwezi wa 5 mwaka 2006, hawaulize mara mbili wakisikia kitu kimepasuka. Mama anashika mutoto, anakimbia. Kuuliza ni nyuma.

Sono yetu ilinunuliwa kwa makuta ya wanamemba, mwezi kwa mwezi. Kazi yake ya kwanza si mikutano. Kazi yake ni mvua. Kuanzia mwezi wa 10 mpaka mwezi wa 4 maji yanaweza kuingia mu shimo mbiyo kuliko mutu anavyopanda. Mulinzi wa juu akiona mawingu, anawasha sono, na haut-parleur ya pembe, ile tulifunga ku muti murefu, inasema mu Kiluba na mu Kiswahili: mvua inakuja, tokeni wote. Maneno yale yamerekodiwa ku clé USB kwa sauti ya mama mumoja muuza bukari, mwenye sauti inayoshinda injini.

Sasa, juu ya kuchunga batri, sono haiwezi kubakia inawaka siku nzima. Inawashwa wakati wa lazima, inazimishwa nyuma yake. Maana yake, mbele ya kila «tokeni» kulikuwa «pa!» moja. Watu wa chini wakasikia «pa!», wakafikiri muti umevunjika, wakaacha vyombo, wakasukumana ku kamba. Kijana mumoja akateleza, akaumia muguu. Kuanzia siku ile mulinzi akaanza kuogopa kifungo. Anangoja mpaka matone ya kwanza yaanguke njo awashe. Hapo hatari ilikuwa imebadilika: si makelele tena, ni dakika zenye kupotea.

Mu mukutano maneno yalikuwa mengi. Wengine: haut-parleur inakufa. Wengine: muuzaji alitupa kitu cha uongo. Wengine wakaanza kuangaliana vibaya, ni nani aliyefungua boksi? Fundi mumoja wa muji mukubwa, alisikiliza kwa simu tu, akasema tubadilishe haut-parleur zote mbili. Bei aliyotaja ilikuwa michango ya miezi mingi. Mwenye kututoa mu matatizo ni kijana anayetengeneza simu ku soko. Alileta haut-parleur ndogo ya radio ya zamani, akaifunga pa nafasi ya pembe, akawasha. «Pa!» Ileile. Akasema: «Munaona? Bafle haina akili yake. Inasema tu kile ampli inaipa.»

Jaribio hilo mulifanye ninyi pia, na mulifanye la kwanza. Haut-parleur ya zamani haina bei. Ikiungua, hamupoteze kitu. Kama «pa!» inafuata ampli, haut-parleur yenu ni nzima.

Kiisha inabidi kuelewa ampli hii ni ya namna gani, kwa sababu si kama zile za wababa wetu. Ampli ya zamani ilikuwa inapokea sauti kama mawimbi ya umeme, inayakuza tu. Hii ya leo inapokea namba. Kwa muziki wa kawaida, kila sekonde inapokea namba 44,100 za upande wa kushoto na 44,100 za upande wa kuume. Zinapita mu nyuzi tatu: mumoja unabeba namba zenyewe, wa pili unapiga saa kwa kila tarakimu, wa tatu unasema «sasa kushoto, sasa kuume». Mafundi wanaita njia ile I2S. Nyuma yake ampli inafungua na kufunga umeme mara laki kadhaa kwa sekonde, kama mutu anayechezesha robine mbiyo mbiyo, na koili pamoja na kondansateri za ku mwisho zinalainisha ile mishituko mpaka iwe sauti. Njo maana haipashe moto sana na haimalize batri haraka. Kwa sisi wa panno za jua, ni kitu kizuri sana.

Lakini iko na tabia moja. Tuseme batri ni ya volti 12. Mu ampli nyingi za namna hii, kukiwa kimya, kila waya wa haut-parleur unasimama ku volti 6 hivi. Sita kutoa sita ni sifuri, haut-parleur inalala. Wakati wa kuwasha, waya mumoja ukifika ku 6 mbele ya mwenzake, hata kwa kitambo kidogo sana, ngozi ya haut-parleur inasukumwa mara moja kwa nguvu. Ile njo «pa!» yetu. Mu ampli nyingine ni waya mumoja tu wenye kupanda, na kondansateri kubwa iko kati yake na haut-parleur. Pale kondansateri inajazwa kupitia haut-parleur, na matokeo ni yaleyale.

Kwa nini waya mumoja ufike mbele? Kwa sababu ampli iliamushwa mbele ya wakati. Mu boksi moja muko watu wawili, tuseme hivyo. Kuko ampli, mwenye nguvu, anakula volti 12 moja kwa moja kutoka ku batri. Na kuko kadi ndogo ya bluetooth na USB, mwenye akili, anakula volti 3.3 na anahitaji sekonde moja ama mbili kuamka. Ukibonyeza kifungo, mwenye nguvu anaamka papo hapo. Hana saa, hana namba, hakuna mutu wa kumuambia nyamaza. Wenye kufanya kazi ku mine kubwa wanaelewa: machine ya kushusha watu haianze mbele mwenye kupiga kengele awe pa nafasi yake. Mu ampli yetu, machine ilikuwa inaanza na mwenye kengele angali anavaa viatu.

Wenye kutengeneza chipi wanajua, na wanaandika utaratibu wake. Mufano TAS5707 ya Texas Instruments, ambayo iko mu televizio nyingi za écran plat (watu wanaitoa mule wakitengeneza sono): umeme mudogo ufike kwanza, ule mukubwa ungoje, muguu wa RESET ubakie chini, saa za I2S ziwe zimesimama vizuri, nyuma ya kuachilia RESET ungoje milisekonde 13.5 mbele ya kuipa amri ya kwanza. Milisekonde 13.5 ni kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho. Lakini asiyengoja, haut-parleur njo inalipa.

Kijana wa soko hakufungua kitu mbele ya kusikiliza, na kwa maoni yetu pale njo fundi anajulikana. Kwanza alihesabu: «pa!» inakuja pale pale kidole kinapogusa kifungo, ama sekonde moja, mbili nyuma? Ikija pale pale, ubaya uko upande wa umeme na wa muguu wa kunyamazisha. Ikija nyuma, karibu na ule wimbo mudogo wa bluetooth, ubaya uko upande wa saa na namba: kadi inafungua mulango wa sauti na saa haijatulia. Pili akashusha volume mpaka sifuri. «Pa!» haikupungua. Maana yake haipiti mu volume, inatokea ku mwisho wa njia. Tatu akazimisha na kuwasha tena mara moja, bila kungoja. Kama mara ya pili ni ndogo, ni kondansateri ambayo ingali imejaa. Kwetu haikuwa ndogo. Nne akatoa clé USB, akakata na bluetooth. Bado «pa!».

Basi yetu ilikuwa ya pale pale, haijali volume, haijali chanzo. Akafungua boksi.

Ku plaketi ya ampli mutafuta muguu wenye kuandikwa SD, ama MUTE, ama PDN, ama EN. Ule njo kifungo cha kulala na kuamka. Kwetu uliandikwa SD, na waya ulitoka pale kwenda ku kadi ya bluetooth. Wakati kadi ingali inalala, waya ule hauko juu, hauko chini, unaelea. Na ampli ikikuta muguu unaelea, inafanya vile inataka. Dawa ni rezistansi moja ya kilo-omu 10, yenye rangi kahawia, nyeusi, machungwa. Upande mumoja unachomelewa ku muguu wa SD, upande wa pili ku masse. Sasa, kadi ikilala, rezistansi inavuta muguu chini, ampli inalala. Kadi ikiamka na kuwa tayari, inausukuma juu, ampli inaamka na kukuta saa na namba zinangoja. Rezistansi ile ilitolewa mu radio iliyokufa. Hatukulipa kitu, isipokuwa bière ya kijana.

Lakini musibahatishe upande. Mu plaketi nyingine muguu unafanya kinyume: juu ni kunyamaza, chini ni kusema. Chukua multimeta, pima muguu ule wakati sauti inatoka, kiisha pima wakati umenyamazisha. Ukiona volti 3.3 hivi wakati wa sauti na sifuri wakati wa kimya, rezistansi inaenda ku masse. Ukiona kinyume, inaenda ku volti 3.3. Usiipeleke ku volti 12 hata siku moja. Utaua chipi na kadi pamoja.

Kwa wale «pa!» yao inakuja nyuma, rezistansi peke yake haitoshe. Pale ni kadi yenyewe inapashwa kufundishwa: ianze saa, itume namba za sifuri kitambo kidogo, kiisha ifungue sauti, na wakati wa kumaliza, ifunge sauti kwanza, njo isimamishe saa. Vijana wenye kujua kuandika programu wanaweza. Kama kadi ni ile ya soko, haifundishike, ununue nyingine ama utumie ujanja wa mama wa bukari. Yeye alirekodi upya, akaacha sekonde tatu za kimya mbele ya neno la kwanza. «Pa!» haikupotea kwa ujanja huo, lakini neno «mvua» lilikuwa linakatwa, na sasa halikatwe tena.

Kuko watu walituambia tununue ile plaketi ya rele, ya kulinda haut-parleur: inangoja sekonde chache, rele inapiga «tak», njo haut-parleur inaungwa. Ni kitu kizuri kwa ampli za zamani. Kwa hizi mujihazari. Nyingi za plaketi zile zinachunguza kama kuko volti yenye kusimama ku waya wa haut-parleur. Zikiikuta, zinafikiri ampli imeungua na zinakataa kuunga. Na tumesema juu: mu ampli yetu kila waya uko na volti 6 zenye kusimama, na ni afya yake, si ugonjwa. Kwa hiyo rele haiwezi kufunga hata siku moja, na utafikiri umenunua plaketi mbovu. Kama unataka rele, tafuta ile ya kuhesabu wakati tu. Tena, ku ampli hizi usiunge waya wowote wa haut-parleur ku masse ama ku chuma cha boksi. Wote wawili wako hai.

Multimeta itumike kwa kitu kingine pia. Iweke ku volti continu, mukono mumoja ku waya mumoja wa haut-parleur, mwingine ku wa pili, ampli inawaka na kimya. Inapashwa kuonyesha milivolti chache, ama makumi yake. Ikionyesha volti nzima, moja, mbili, tatu, zimisha mara moja. Pale si «pa!» tena, ni haut-parleur inapikwa polepole.

Neno juu ya batri, kwa sababu hapa kwetu batri njo SNEL yetu. Ampli ikiwashwa, kondansateri zake kubwa zinavuta umeme mwingi kwa mara moja. Batri nzima ya risasi, iliyojaa, inaonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12.0 bila kazi, imechoka. Ukiwasha na sindano inaanguka ku 10 ama chini, kadi yenye akili inazimika na kuwaka tena, inazimika na kuwaka tena, na kila mara «pa!». Watu wanafikiri ampli ina pepo. Ni batri. Mutu akuambie «pa! pa! pa!» inafuatana, mupime batri mbele ya kugusa kitu kingine, na nyaya pia: waya mwembamba na mrefu unakula volti njiani.

Na wale wa kanisa na wa orchestre, wenye table de mixage: washeni table kwanza, ampli mwisho. Kuzimisha ni kinyume, ampli ilale ya kwanza. Hiyo haina rezistansi wala multimeta.

Wakati kijana anachomelea, mwenzetu mumoja, muchimbaji wa miaka mingi, aliuliza ile bati anayoyeyusha inatoka wapi. Akajibiwa: si njo ile munachimba? Ni kweli. Karibu nusu ya bati yote ya dunia inaenda mu kazi ya kuchomelea plaketi za umeme. Ulaya walipozuia risasi mu vyombo vya umeme kuanzia mwaka 2006, viwanda vingi vilihamia ku mchanganyiko ambao bati peke yake ni zaidi ya 95 kwa mia. Kabla yake ilikuwa 60 hivi. Na koltani inatoa tantale, ambayo inafanya kondansateri ndogo sana, zile za simu. Kumbe tunachimba kitu, kinapita baharini, kinarudi ndani ya ampli, na tunakilipa kwa bei nyingine kabisa. Yule muchimbaji akacheka, akaomba kipande cha bati akiweke mufukoni. Bei ya kilo ku shimo tutaiandika siku nyingine, ni maneno marefu.

Kwetu «pa!» imebakia «tik» ndogo, inasikika tu ukisimama chini ya pembe. Iachwe. Tik ndogo ni tabia ya ampli hizi na haiumize kitu.

Lakini kuna jambo tunalisema kwa wenye kusimamia machimbo, na tunalisema bila kuzunguka. Wachimbaji wanakatwa makuta ku kila mufuko, na mufuko ule haujanunua hata filimbi moja. Sono ya kuambia watu «tokeni» ilinunuliwa na wenyewe wenye kushuka. Kama siku ile mulinzi angengoja dakika tano zaidi juu ya kuogopa kifungo, hakuna mutu angeandika mu kitabu kwamba sababu ilikuwa rezistansi moja. Wangeandika: mvua.

Tumepanga hivi: mulinzi anawasha ku wingu la kwanza, hangoje tone. Kama sono inakataa, anapiga filimbi mara tatu, ndefu. Tumenunua filimbi mbili, moja inakaa shingoni mwake, nyingine chini ku mwenye kushika kamba. Na siku ya kwanza ya kila mwezi, asubuhi, mbele mutu yeyote ashuke, sono inawashwa na kuzimishwa mara tano, wote wakiwa juu wanasikiliza. Mwezi huu ilikuwa tik, tik, tik, tik, tik. Mwezi ujao, kwa nyaya zile mupya za ku muti, tutaona.